Musoma: Kwanza Shamba, Kisha Bomba

Asubuhi isiyo na upepo, mtu anayechota maji ziwani Musoma hachoti mara moja. Huishika ndoo, hutumia kitako cha ndoo kupangua ile rangi ya kijani iliyotanda juu ya maji, kushoto kisha kulia, halafu huizamisha haraka kabla kijani hakijarudi. Watoto wamelijua pigo hilo la mkono kabla hawajajua kusoma. Kijani chenyewe ni mwani, na kabla ya kuuliza majitaka ya mji yaende wapi baada ya kutibiwa, inafaa kumwangalia kwanza mtu huyu na ndoo yake.

Kutoka kata ya Kamunyonge ziwa halihitaji nauli. Musoma imekaa juu ya rasi nyembamba ya mawe iliyoingia Ziwa Victoria, na kata zake nyingi ziko mwendo wa miguu tu kutoka majini. Ziwa lilelile ndilo kisima cha mji: maji ya bomba yanavutwa Bukanga, upande wa Makoko, yanapitishwa kwenye chujio lenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 36 kwa siku, kisha yanasukumwa majumbani. Ule ulikuwa mradi mkubwa, na umewapunguzia kina mama safari nyingi. Lakini maji yaliyoingia nyumbani lazima yatoke. Kwa kawaida wahandisi huhesabu kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayotumika majumbani hurudi yakiwa majitaka. Tumejenga mlango wa kuingilia. Wa kutokea bado.

Katika taarifa za miaka mingi za EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji nchini, miji yenye mtandao wa mabomba ya majitaka ilikuwa Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, Iringa, Mbeya, Morogoro, Moshi, Mwanza, Songea, Tabora na Tanga. Musoma haikuwamo. Nyumba zetu zimetegemea choo cha shimo na tenki lililochimbwa uani. Kuchimba kwenyewe ni kazi: unapiga sururu futi chache unakutana na jabali, kwa hiyo shimo linakuwa fupi na linajaa mapema. Mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiye nao husubiri mvua kubwa ya masika, akatapisha choo usiku, na asubuhi mtaro umeshapeleka mzigo ziwani. Mwaka 2020, ziwa lilipopanda Mei hadi kimo kilichofikia kile cha 1964, maji yalivifuata vyoo vya pwani pale pale vilipo.

Kwa hiyo siku moja mtandao utakuja, na mabwawa ya kutibu majitaka yatakuja pamoja nao. Swali langu ni la baada ya hapo: maji yakishatoka kwenye bwawa la mwisho, yakiwa yametibiwa, yaelekezwe wapi? Wengi hulichukulia kama jambo dogo la kumalizia mradi, kwamba kilichotibiwa kimeshakuwa salama na ziwa liko hapo chini, maji yateremke yenyewe. Mimi naamini hili ndilo la kuamuliwa kwanza, kwa sababu ndilo linaloamua mabwawa yajengwe upande gani wa mji.

Tuanze na maana ya kutibiwa. Mabwawa ya aina tunayoijenga Tanzania hufanya kazi kwa hatua. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, halina hewa. Tope linatuama na vijidudu vinakula uchafu gizani. La pili ni pana, jua linafika, mwani unatoa oksijeni na vijidudu vingine vinaendelea kula. Mabwawa ya mwisho ni ya kina kifupi, na huko jua lenyewe huua vimelea huku mayai ya minyoo yakizama. Hakuna mashine ya kuharibika, hakuna umeme, na joto letu la mwaka mzima linasaidia. Mabwawa yakisimamiwa vizuri, maji yanayotoka hayana harufu kali na vimelea vimepungua mno. Kwa mji wa ukubwa wetu sioni njia bora zaidi ya kutibu.

Lakini kuna kitu mabwawa hayakiondoi vya kutosha, nacho ni fosforasi. Kila mtu hutoa gramu 1 hadi 2 kwa siku, nyingi yake kupitia mkojo, na sabuni huongeza. Fosforasi haifi kwa jua na haigeuki hewa. Inaweza kuzama kidogo na tope, lakini sehemu kubwa hupita na maji hadi mwisho wa bomba. Na fosforasi ndiyo chakula cha ule mwani wa asubuhi. Wataalamu wa maziwa husema kilo 1 ya fosforasi inaweza kuotesha kilo 500 za mwani mbichi.

Chukua hesabu ya mwanzo mdogo. Tuseme wameunganishwa watu 20,000 tu, kila mmoja akitoa lita 80 za majitaka kwa siku. Hayo ni mita za ujazo 1,600 kila siku. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji yanayotolewa yasizidi miligramu 6 za fosforasi kwa lita. Tuseme tumefaulu na tumekaa kwenye kikomo hicho bila kuvunja kanuni hata siku moja. Bado tutakuwa tumepeleka ziwani karibu kilo 10 kwa siku, tani 3 na nusu kwa mwaka. Zizidishe kwa 500. Kwa kulinganisha, Ulaya mwaka 1991 iliagiza miji ya watu 10,000 hadi 100,000 inayomwaga kwenye maji yanayodhurika upesi isizidi miligramu 2, na miji mikubwa kuliko hiyo isizidi 1. Ziwa letu lina wastani wa kina cha mita 40 tu kwa ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, na maji yake huondoka polepole sana kupitia Jinja. Kama kuna ziwa linalodhurika upesi, ni hili.

Kisa kinachonifanya niliseme hili kwa sauti kilitokea mbali, Seattle nchini Marekani. Katika miaka ya 1950 ziwa lao la Washington lilizungukwa na mitambo ya kutibu majitaka iliyokuwa ikifanya kazi yake. Maji yaliyomwagwa yalikuwa yametibiwa. Hata hivyo ziwa likaanza kugeuka rangi, mwani ukazidi, na mwanasayansi W. T. Edmondson akaonyesha kwamba kinacholilisha ni fosforasi ya maji hayo yaliyotibiwa. Mwaka 1958 wakazi walipiga kura kujitoza gharama, na kati ya 1963 na 1968 maji yote yalielekezwa kwingine, baharini. Ziwa likarudi kuwa angavu ndani ya miaka michache. Wao walikuwa na bahari jirani ya kupokea. Sisi hatuna, na kutoka Musoma bahari ya karibu ni safari ya siku nzima kwa basi.

Kuna anayejibu kwamba fosforasi nyingi ya Ziwa Victoria hailetwi na miji. Ni kweli. Sehemu kubwa hutoka angani, kwenye vumbi na moshi wa misitu na nyasi zinazochomwa, na nyingine huletwa na mito kutoka kwenye mashamba yaliyokwanguliwa. Ukiigawa fosforasi ya watu 20,000 wa Musoma kwa ziwa zima, hutaona kitu. Ila sisi hatunywi ziwa zima. Tunakunywa ghuba. Bomba lisilosogea likimwaga mahali pamoja kila siku, kwenye maji ya kina kifupi na yaliyotulia, hubadilisha hapo lilipo, na hapo ndipo ndoo zinapozama na dagaa wanapoanikwa.

Nani ameshapita njia hii? Kampala. Majitaka ya mji ule, yaliyotibiwa Bugolobi na yasiyotibiwa, yameteremka kwa miaka mingi kupitia mfereji wa Nakivubo na bonde lake la mafunjo hadi ghuba ya Murchison. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye ghuba hiyohiyo, ndiko Ggaba, mji unakovuta maji ya kunywa. Kadiri ghuba ilivyochafuka, kuyasafisha maji ya Ggaba kulidai dawa nyingi zaidi, na mwishowe ilibidi chujio jipya lijengwe mbali mashariki, Katosi, na maji yaletwe mjini kwa bomba refu. Gharama ya kumwaga karibu haikuondoka. Ilihamia kwenye ankara ya kuvuta mbali.

Kuna jambo la mwani lisilosemwa vya kutosha majumbani. Aina fulani za mwani wa kijani-buluu hutoa sumu inayodhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Joto huvunja chembe za mwani na kuiachia sumu iingie majini. Mama aliyefundishwa miaka yote kwamba maji yakichemka yamepona, hakuambiwa habari hii.

Basi tupime njia zilizopo.

Kumwaga ukingoni nimeshaieleza, nami naikataa. Kuna wanaosema tupeleke bomba mbali ndani ya ziwa, kwenye kina. Kwa mji wa pwani ya bahari hoja hiyo ina mantiki, kwa kuwa kupwa na kujaa kwa maji huzoa na kutawanya. Ziwa halina kupwa wala kujaa kwa namna hiyo. Tena kila mwaka, upepo wa kusi unapovuma katikati ya mwaka, maji ya chini na ya juu huchanganyika, na kilichofichwa chini hurudi juu kwenye mwanga. Bomba refu lingetununulia miezi michache ya kutoona.

Kuyaacha maji yanywewe na ardhi, kwa mashimo ya kupenyeza, kunafaa penye mchanga wa kina. Juu ya jabali letu maji hutafuta ufa, na ufa hufika kisimani kwa jirani.

Mtambo wa kisasa unaoondoa fosforasi kwa dawa upo, na unafanya kazi. Unataka umeme usiokatika, dawa ya kununua kila mwezi, fundi wa zamu na maabara. Siku dawa ikiisha stoo, fosforasi yote inapita na hakuna anayeona kwa macho. Singeuweka mji mdogo kwenye njia inayoharibika kimya hivyo.

Mafunjo yanastahili kutazamwa kwa muda. Wenyeji wa Mara wanajua kwamba maji ya Mto Mara hutoka kwenye kinamasi cha Masurura yakiwa matulivu kuliko yalivyoingia. Mafunjo huotesha mizizi inayoelea kama mkeka, maji hupita chini yake, tope linashikwa na virutubisho vinanyonywa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya bustani za matete zilizotengenezwa kwa ajili hii hasa, kitanda cha changarawe, mimea juu, maji ndani, na zimejaribiwa kwenye shule na taasisi mbalimbali nchini. Ni teknolojia yetu, tunaijua. Tatizo ni kwamba mmea hunyonya fosforasi ukikua na huirudisha ukioza. Kama mafunjo hayakatwi na kuondolewa, bustani ni ghala linalojaa. Kwa mabwawa ya watu 20,000, ukataji huo ni ajira ya kudumu ya kikosi cha watu, wala si kazi ya kuagiza vibarua siku mgeni rasmi anapokuja.

Na kwa hali yoyote isidhaniwe kuwa ardhi oevu ya Mto Mara yenyewe inaweza kubebeshwa mzigo wa mji. Machi 2022 maji ya mto huo yaligeuka meusi, samaki wakafa, na Serikali ikawazuia watu kuyatumia. Kamati iliyoundwa ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo uliokusanyika kwenye ardhi oevu. Wapo walioyapinga majibu hayo. Mimi nachukua sehemu ambayo haina ubishi: mahali pale pameshafika ukingoni.

Inabaki shamba. Huu ndio upande wangu, na sio kwa kupenda tu kilimo. Fosforasi ambayo ziwani ni sumu ya polepole, shambani ni mbolea ambayo mkulima wa wilaya ya Bunda anainunua kwa mfuko. Watu wa Moshi wameishi na jambo hili kwa miaka mingi: maji ya mabwawa ya Mabogini huingia kwenye majaruba ya mpunga. Wakulima hawakungoja semina. Waliona mpunga unavyostawi wakafungua mfereji. Mabogini inatufundisha pia la kuogopa. Mpunga hulimwa mtu akiwa ndani ya maji hadi magotini, na kwetu ukanda wa ziwa, ambako kichocho ni mwenyeji, singependa kuona jaruba la majitaka, hata yaliyotibiwa.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo rahisi: maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria wa kinyesi 1,000 kwa mililita 100, na kwa kila lita lisizidi yai 1 la minyoo. Mwongozo wa 2006 ukaongeza hekima, kwamba ulinzi usitegemee mtambo pekee. Chagua zao, chagua namna ya kumwagilia, mpe mkulima buti, acha siku zipite kabla ya kuvuna. Kwa Musoma mimi ningeanzia kwenye kuchagua zao. Ukisema bustani ya mboga imekatazwa, utahitaji askari wa kulinda mchicha, na mchicha utashinda. Chagua kisichoweza kuingia sufuriani.

La kwanza kutajwa huwa pamba, kwa kuwa ndilo zao la Bunda na nchi yote ya kusini mwetu. Nami nililipenda wazo hilo hadi nilipoliweka kwenye kalenda. Pamba ya ukanda wetu hupandwa Novemba na Desemba, huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na baada ya mavuno masalia yake lazima yang'olewe na kuchomwa kuzuia wadudu. Kiangazi, wakati mabwawa yanatoa maji yaleyale kila siku, shamba la pamba halina mmea. Pamba inaweza kuokolewa na maji haya mvua zinapokatika Januari. Haiwezi kuyapokea mwaka mzima.

Kinachoweza ni nyasi. Mara ni mkoa wa ng'ombe, na kila Agosti unaona ng'ombe waliokonda wakisukumwa umbali mrefu kutafuta malisho. Matete ya mifugo, yale tunayoyaita majani ya tembo, hunywa maji bila kinyongo, hukatwa kila baada ya wiki kadhaa, na kila mkato unaondoka na fosforasi yake kutoka kwenye ardhi. Sharti moja lishikwe: ng'ombe wasiingie shambani. Nyasi zikatwe, maji yawe yamesimamishwa wiki mbili kabla, zianikwe ziwe hei. La sivyo tutawarudishia watu minyoo ya tegu kupitia nyama.

Hesabu inaonekana hivi. Hekta 1 kiangazi hunywa karibu mita za ujazo 50 kwa siku. Miezi mitatu ya mvua nyingi shamba halitaki maji, kwa hiyo lazima liwepo bwawa la akiba la mita za ujazo 144,000. Kwa kina cha mita 2 ni zaidi kidogo ya hekta 7. Maji hayo ya akiba yakiongezwa kwenye ya kila siku, shamba linalohitajika ni karibu hekta 43, nami ningetenga 50 ili fosforasi isizidi kile nyasi zinachoweza kuchukua. Bwawa la akiba lina faida nyingine isiyotajwa sana: maji yanapokaa, vimelea vinaendelea kufa.

Hekta 57, shamba na bwawa la akiba pamoja, haziko Kamunyonge, wala Nyasho, wala popote katikati ya rasi. Ziko nchi kavu, upande wa Butiama na Musoma Vijijini. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuamuliwa na Manispaa peke yake. Linataka halmashauri jirani zikae meza moja na mamlaka ya maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo ndiyo inayotoa kibali cha kutiririsha. Bunda, ambayo mji wake uko mbali kidogo na ufukwe, ina nafasi ya kuanza hivi moja kwa moja bila kishawishi cha ziwa lililo mlangoni.

Na hapa ndipo kuna kikwazo cha kweli: nchi kavu iko juu. Majitaka yangeteremka ziwani bure, lakini kwenda shambani lazima yasukumwe. Kuinua mita za ujazo 1,600 kwa siku kwenda juu mita 40, ukihesabu na upotevu wa pampu, ni kama uniti 290 za umeme kila siku. Ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa. Zigawe kwa kaya 4,000, watu watano kila moja: ni uniti 2 na kidogo kwa kaya kwa mwezi.  Hapo mapato ya nyasi hayajaingia, wala dawa ambayo Bukanga haitalazimika kuongeza.

Najua umeme hukatika. Pampu zikisimama siku mbili maji yatafurika, na njia pekee ya kufurika ni ziwani. Kwa hiyo bustani ya mafunjo nayo iwepo, ndogo, chini ya mabwawa, kwa ajili ya siku hizo na kwa masika yanayozidi akiba, na mlango wake ufunguke mbali na Bukanga kadiri rasi inavyoruhusu. Hapo ziwa litapokea kwa dharura, na kila mara tukio liandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, kiasi.

Haya yote yanangoja mtandao, na mtandao unaweza kungoja fedha miaka mingi. Magari ya kunyonya hayangoji. Leo asubuhi moja liko barabarani, bomba lake nene limezungushwa ubavuni kama chatu, dereva anatafuta kona ya kugeuzia kati ya nyumba mbili. Mzigo wa gari moja ni majitaka makali kuliko ya bomba, na unafika mahali pamoja. Pale unapomwagwa pangeweza kuwekwa vitanda vya kukaushia tope, bwawa dogo, na hekta 1 ya majani ya tembo chini yake. Fundi wa maji apime kinachoingia na kinachotoka, masika na kiangazi, na bwana mifugo apime mkato wa nyasi. Baada ya misimu miwili ya mvua tutakuwa na namba za Musoma yenyewe, za udongo huu na jua hili, na mpimaji atakapokuja na bikoni zake kuuliza mabwawa makubwa yakae wapi, ataonyeshwa shamba kwanza.